Stroberi Haivundikwi: Dhana Zinazotuharibia Tunda Hili

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua ladha ya stroberi kabla ya kuliona tunda lenyewe. Tuliionja kwenye mtindi wa rangi ya waridi, kwenye pipi na kwenye aiskrimu. Siku hizi tunda lenyewe linapatikana. Mashamba ya Limuru na Nakuru yanalisha Nairobi, na upande wa Tanzania wakulima wa Arusha na wa nyanda za juu wanalileta mjini likiwa kwenye vikasha vya plastiki. Tunalinunua, tena kwa bei isiyo ndogo, kisha tunalitendea kama embe au ndizi. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu stroberi ina tabia zake, na karibu kila kosa tunalolifanya linatokana na kuidhania kuwa tunda jingine.

“Hii bado nyeupe kidogo, ikikaa nyumbani itaiva”

Dhana hii ndiyo inayowala watu fedha kuliko zote. Sisi ni watu wa kuvundika. Mkungu wa ndizi hukatwa ukiwa mbichi, ukafunikwa vizuri, na baada ya siku chache unatoa ndizi tamu. Parachichi gumu huviringishwa gazeti, embe huzikwa kwenye unga, na yote hulainika na kunoga. Ndizi na embe huondoka mtini zikiwa na akiba ya wanga ndani. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye tunda lenyewe huamsha uivaji, na wanga ule unageuka sukari.

Stroberi iliyokomaa haina akiba ya wanga ya kutegemea. Sukari yake hutengenezwa majanini na kuletwa kwenye tunda kupitia kikonyo, siku hadi siku, wakati mmea uko shambani. Ukishaichuma, haiongezewi utamu tena. Unaweza kuifungia na ndizi mbivu kwenye mfuko mmoja ukitaka. Utakachopata ni stroberi iliyolainika na kuanza kuoza. Machungwa, mananasi na zabibu ni ndugu zake katika tabia hii.

Kinachowachanganya watu ni rangi. Stroberi iliyochumwa na bega jeupe, yaani ile sehemu ya juu karibu na kikonyo, ikikaa siku moja au mbili kwenye joto la kawaida inaweza kuzidi kuwa nyekundu. Rangi yake huendelea kutengenezwa hata baada ya kuchumwa, na nyama hulainika. Basi jicho linaona imeiva, lakini ukiiuma unakutana na uchachu uleule wa jana.

Kwa hiyo kazi yote ya kuchagua inafanyika mbele ya muuzaji. Tafuta wekundu uliofika begani, unaong'aa. Angalia majani madogo ya kikonyo: yakiwa ya kijani na yamesimama, tunda halijachumwa zamani, yakiwa makavu na ya kahawia, limeshazunguka. Kisha sogeza pua kwenye matundu ya kikasha. Stroberi iliyoiva hunukia hata ukiwa hujaifungua, na isiyonukia mara nyingi haina ladha ya kukulipa fedha yako.

Mwisho, geuza kikasha. Wauzaji hupanga matunda mazuri juu, na hilo linaeleweka, lakini ukweli wa kikasha uko chini. “Kaka, naomba niangalie chini yake.” “Angalia tu dada, ni za leo.” Ukiona doa la maji mekundu kwenye plastiki, au tunda lililobanwa likabonyea, chukua kingine. Maji yale yametoka kwenye tunda lililopasuka, na ukungu huanzia hapo. Sioni aibu yoyote kwenye kugeuza kikasha, na muuzaji mwenye mali nzuri hakatai.

“Kubwa ndiyo tamu” na “Kubwa imepigwa dawa”

Ajabu ni kwamba dhana hizi mbili zinapingana, na zote hazina msingi. Kwanza ukubwa hutegemea aina ya mche. Pili, hutegemea nafasi ya tunda kwenye shada lake: ua la kwanza kuchanua hutoa tunda kubwa kuliko yote, na yanayofuata huzidi kuwa madogo. Mche mmoja, shamba moja, mbolea ileile, utachuma kubwa na ndogo. Hata uwazi unaouona katikati ya baadhi ya stroberi kubwa ni jambo la kawaida kwa aina fulani na kwa tunda lililokua haraka. Utamu unaletwa na jua, usiku wa baridi na kuachwa shambani mpaka liive.

Suala la viuatilifu lenyewe si la kupuuzwa, ila halipimwi kwa ukubwa wa tunda. Stroberi hailiwi kwa kumenywa, na ngozi yake ni laini. Orodha ya kila mwaka ya shirika la Environmental Working Group la Marekani, inayohusu mabaki ya viuatilifu kwenye matunda na mboga za huko, imeiweka juu kabisa kwa miaka mingi. Kwa hiyo ioshe, iwe ndogo au kubwa, iwe ya shamba la kisasa au ya bustani ya jirani asiyepiga dawa yoyote. Udongo na vijidudu vipo kote.

“Ukifika nyumbani, osha zote uziweke tayari”

Hili hufanywa na watu wasafi kabisa, wenye nia njema, na ndilo linalowaozeshea tunda. Adui mkuu wa stroberi ni ukungu wa kijivu, ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea. Mara nyingi huingia mmea ukiwa bado kwenye maua, ukajificha, kisha ukaibuka tunda likishaiva. Ukungu huu husubiri unyevu tu. Ukiosha kikasha kizima leo na kukirudisha kwenye friji kikiwa na majimaji, umeurahisishia kazi.

Basi ukifika nyumbani, anza kwa kuchambua. Toa zilizopondeka uzile siku hiyohiyo. Iliyoota manyoya ya kijivu itupe. Kuna wanaokata sehemu yenye ukungu na kula iliyobaki, lakini hiyo ni sawa kwa karoti au kabichi, vitu vigumu. Kwenye tunda laini lenye maji mengi, nyuzi za ukungu huwa zimeshapenya ndani kuliko unavyoona. Zilizokuwa zimeigusa zikague moja moja. Zilizo nzima na kavu hazina tatizo.

Zilizobaki zipange kwenye chombo kipana, kisichobana hewa, chini ukitandika karatasi ya jikoni ya kunyonya unyevu. Zisirundikane sana, kwa sababu uzito wa za juu hubonyeza za chini. Acha vikonyo vyake. Weka kwenye friji na uoshe zile tu utakazokula muda huo, kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, kikonyo kikiwa bado kipo. Ukikitoa kabla ya kuosha, maji huingia ndani na kuzimua ladha.

Sabuni usitumie hata kidogo, tunda huinyonya. Siki ni jambo tofauti. Kikombe kimoja cha siki kwa vitatu vya maji hupunguza vijidudu vya juu ya ngozi, na wapo wanaoosha hivyo kabla ya kuhifadhi. Ukiamua njia hiyo, suuza kwa maji safi na uzikaushe kabisa, kabisa. Zikibaki na unyevu, siki haitakusaidia kitu, na ukungu uliokwisha kujificha ndani haufikiwi nayo.

“Friji inaiharibu, heri ikae mezani”

Wanaosema hivi wana chembe ya ukweli: stroberi iliyotoka friji sasa hivi hainukii wala haina ladha kamili, kwa sababu baridi hubana harufu. Lakini mezani, kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, hata siku moja ni nyingi. Wafanyabiashara wa kimataifa huisafirisha karibu na nyuzi 0, na hata hapo hawaitegemei zaidi ya wiki moja hivi. Friji ya nyumbani itakupa siku tatu hadi tano kwa matunda yaliyokuwa mazuri tangu mwanzo. Suluhisho la ladha ni kuzitoa nusu saa au saa nzima kabla ya kula. Jaribu kuonja moja ya baridi na moja iliyokaa mezani ikaishiwa baridi, utaona tofauti pale pale.

“Mwenye kisukari asiguse”

Gramu 100 za stroberi zina sukari takriban gramu 5. Ndizi mbivu ya uzito huo ina takriban 12. Zaidi ya asilimia 90 ya stroberi ni maji, na vitamini C yake, kama miligramu 59 kwa gramu 100, inalingana na ya chungwa au kuizidi kidogo. Mgonjwa afuate mpango wa chakula aliopewa na daktari wake, lakini tunda lenyewe si la kuogopwa. La kuogopwa ni maziwa mazito matamu yanayomwagwa juu yake, na vinywaji vya “ladha ya stroberi” ambavyo vingine havina tunda hata kidogo.

Nikiwa hapohapo kwenye afya: acheni kuponda stroberi na kusugulia meno ili yang'ae. Asidi yake hula tabaka gumu la juu la jino, na tabaka hilo likiisha halioti tena.

“Ni tunda la Wazungu, huku haliwezekani”

Stroberi ya bustani tunayoila leo ilizaliwa Ufaransa katika karne ya 18, lakini wazazi wake wote wawili walitoka Amerika: mmoja wa mashariki ya Amerika Kaskazini, mwingine wa pwani ya Chile, ulioletwa mwaka 1714 na mhandisi Amédée-François Frézier. Hata Ulaya, basi, ni mgeni aliyezoea. Kwenye milima yetu mmea huu una bahati ambayo Ulaya haina: hakuna majira ya theluji, kwa hiyo mkulima mwenye maji ya kumwagilia anaweza kuchuma miezi mingi ya mwaka.

“Zikikaribia kuharibika hazina kazi tena”

Zilizolainika lakini hazina ukungu ni za kupikwa. Kwa jamu, kumbuka kwamba stroberi ina pektini kidogo, ile inayofanya jamu igande. Kamulia ndimu, na ukiwa na chache zisizoiva sawasawa, zitie humo, kwani zenyewe zina pektini zaidi. Kama huna muda wa kupika, zikate vipande, nyunyiza sukari kijiko kimoja na ndimu, ziache dakika 20. Zitatoa maji yake mekundu, na hayo juu ya mtindi mtupu yanashinda mtindi wowote wa dukani wenye rangi.

Za friza zioshwe, zikaushwe, zitolewe vikonyo, kisha zitandazwe kwenye sinia moja moja mpaka zigande ndipo zitiwe kwenye mfuko. Ukizimimina zote kwa pamoja zitashikana kuwa bonge moja. Hazitarudia ugumu wake zikiyeyuka, kwa hiyo usingoje ziyeyuke. Zisage zikiwa barafu, pamoja na maziwa au mtindi, na hutahitaji vipande vya barafu vya kuizimua juisi.