Damu zetu zinalingana, mbona tunapimwa tena?

Swali: Mke wangu husafishwa damu hapa Kisumu kwa sababu figo zake zimefeli, nami nimejitolea kumpa figo yangu moja. Makundi yetu ya damu yanalingana. Vipimo vya kingamwili ni vya nini?

Jibu: Kundi la damu ni hatua ya kwanza tu. Chembe za mwili zina alama ziitwazo HLA, na mtu aliyewahi kukutana na alama za mwenzake kwa ujauzito, kuongezewa damu au kupandikizwa kiungo huenda akawa na kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, dhidi ya alama hizo. Kwa hiyo mke aliyezaa na mumewe anaweza kubeba kingamwili zinazoilenga figo ya mume huyohuyo, jambo ambalo wanandoa wengi hawalitarajii. Katika ukanda wa Ziwa, ambako malaria kali na selimundu huwapeleka watoto wengi kuongezewa damu, ni muhimu pia mgonjwa aulizie kwao kama aliwahi kuongezewa utotoni.

Swali: Vipimo hivyo vinatofautianaje?

Jibu: Kile cha tangu miaka ya 1960 huchanganya seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, na chembe nyeupe za mtoaji, kisha huongezwa komplimenti, yaani protini zinazosaidia kingamwili kuua. Chembe zikifa, hatari ni kubwa: mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha kuwa kati ya figo 30 zilizopandikizwa licha ya jibu kama hilo, 24 zilikataa kufanya kazi papo hapo. Hata hivyo, kipimo hiki hukosa kingamwili zilizo chache. Kipimo cha pili, flo sitometri, hakingoji chembe zife, bali hutumia leza kuonyesha kingamwili zilizozishika, hivyo huona zaidi. Cha tatu, Luminex, hakihitaji chembe za mtoaji: hutumia shanga ndogo mno, kila aina na alama yake ya HLA, na hivyo hubainisha kingamwili moja moja.

Swali: Basi shanga peke yake zingetosha?

Jibu: Hazitoshi. Alama iliyoharibika juu ya shanga inaweza kunasa kingamwili zisizo na madhara, na kingamwili zikizidi mno kipimo huweza kusoma chini mpaka seramu izimuliwe. Tarakimu za maabara mbili pia hazilinganishwi moja kwa moja. Kwa maoni yangu, shanga husaidia zaidi zikisomwa pamoja na kipimo cha chembe za mtoaji mwenyewe.

Swali: Tukishapimwa, tumemaliza?

Jibu: Bado. Seramu mpya hupimwa karibu na siku ya upasuaji, na mkeo akiongezewa damu kabla ya hapo, mwarifuni daktari mara moja.