Wagunduzi wa mbegu wa vyuo vikuu: dhana potofu na ukweli wa kazi yao

Mtafiti wa chuo kikuu anayezalisha aina mpya za mbegu anapostaafu na kuagwa, inafaa kujua kazi yake ilivyokuwa kweli.

Dhana: mbegu mpya hugunduliwa maabara, siku bahati inapoangukia.

Jina "mgunduzi wa mbegu" lenyewe linachangia mkanganyiko, maana kugundua ni kukuta kitu ambacho tayari kipo. Aina mpya ya maharage huanzia kwenye ua ambalo halijafunguka. Mtafiti huchagua tumba lililonona, ambalo lingechanua kesho yake. Akingoja lichanue, limeshajichavusha lenyewe. Hulifungua taratibu kwa kibanio chembamba, huondoa chavulio zote 10 bila kuchubua stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua), kisha hupaka chavua ya ua la baba lililochanua asubuhi ileile na kufunga uzi wenye lebo. Joto likizidi, ua hupukutika. Hata likishika, ganda hutoa punje chache tu, ndiyo maana kazi hiyo hurudiwa kwenye matumba mengi kwa kila jozi ya wazazi. Hakuna jeni ya kiumbe kingine inayoingizwa hapo, ingawa watu wengi wakisikia "mbegu ya chuo kikuu" hudhani ni GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa jeni maabara.

Dhana: wakishachavusha, mbegu iko sokoni mwaka unaofuata.

Katika kizazi cha pili nusu ya jeni walizotofautiana wazazi bado zimechanganyika. Kila kizazi cha kujichavusha hupunguza mchanganyiko huo kwa nusu: 25%, 12.5%, 6.25%, hadi takriban 3% kizazi cha sita. Ukigawa mbegu mapema, mkulima atavuna maharage ya rangi tatu kwenye shamba moja na hatakuamini tena. Baada ya hapo yapo majaribio ya misimu kadhaa katika kanda tofauti, na nchini Tanzania TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, hukagua kama aina hiyo ni tofauti na nyingine, inafanana shambani na haibadiliki. Miaka 8 hadi 10 ni kawaida. Kwa hiyo anayestaafu akiwa na aina tatu au nne zilizoidhinishwa amefanya kazi kubwa sana.

Dhana: vyuo vikuu huzalisha makaratasi, mbegu ni kazi ya kampuni na vituo vya utafiti.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimetoa maharage ya SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa. SUA 90 imebeba kifupi cha jina la chuo, SUA, na mwaka ilipotolewa, 1990.

Dhana: mgunduzi hodari hupimwa kwa mavuno tu.

Hapa tumtazame Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia na profesa wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Hibridi (mbegu chotara) ya mtama Hageen Dura-1, aliyoiongoza akiwa Sudan na iliyotolewa 1983, ilileta mavuno makubwa. Lakini kazi yake ninayoiona nzito zaidi ni ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja kemikali inayotolewa na mzizi wa mmea zinaoushambulia.

Ugumu ulikuwa kuchagua. Mbegu za kiduha hazijasambaa sawasawa shambani, na mtama unaoonekana sugu huenda ulibahatika tu kuota mahali pasipo na gugu. Ejeta, mwanabiokemia Larry Butler na wenzao walitengeneza kipimo cha sahani ya agari (ute wa maabara unaoganda): mbegu za kiduha zilizolowekwa na kuandaliwa hutandazwa, mbegu ya mtama iliyoanza kuota huwekwa humo, na baada ya siku chache hupimwa umbali kutoka mzizi hadi mbegu ya kiduha ya mbali kabisa iliyoota. Chini ya milimita 10, mtama huo hutoa kidogo ile kemikali inayoiamsha mbegu ya kiduha.

Sifa hiyo inaongozwa na jeni fichu, inayojidhihirisha tu mmea ukiirithi kwa wazazi wote wawili. Kizazi cha kwanza baada ya kuchavusha wazazi wawili hakiionyeshi kabisa, na anayetupa kizazi hicho kwa haraka anatupa alichokuwa akikitafuta. Ni kizazi cha pili ndipo robo moja ya mimea huidhihirisha. Mwaka 2009 Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kwetu, mistari (nasaba za mbegu zilizokwisha kutulia) ya Purdue P9405 na P9406 iliidhinishwa Tanzania mwaka 2002, na mkulima wa mtama anaijua kwa majina ya Hakika na Wahi.

Dhana: tuzo ni ya mtu mmoja.

Ejeta alivutwa kwenye mtama na John Axtell wa Purdue, aliyekutana naye Ethiopia mwaka 1973 na kumshirikisha kukusanya mbegu za mtama nchini humo. Kila hatua ina fundi wa shamba, mwanafunzi wa uzamili, na mkulima aliyetoa mbegu ya asili. Kwa hiyo hotuba ya kumuaga mtafiti isiishie kwenye idadi ya machapisho. Itaje aina alizotoa na mwaka wake, wazazi wa kila aina, ugonjwa au gugu lililolengwa, wilaya zinakolimwa, na wanafunzi wake wako wapi leo.

Dhana: akistaafu, mbegu zake zinabaki salama kwenye kabati la idara.

Zinakufa. Maharage kwenye chumba chenye joto na unyevu hupoteza uotaji ndani ya miaka michache, na bahasha yenye namba ya mstari bila daftari la nasaba haimsaidii anayerithi. Kabla ya sherehe, idara ikae na mzee wake, inakili madaftari yote, izalishe upya mistari iliyozeeka, izikaushe vizuri, na nakala ipelekwe benki ya mbegu ya taifa iliyoko Arusha huku mwenyewe akiwapo kueleza kila lebo.