Domestiki ni nani kwenye mbio za baiskeli?

Ukiangalia mbio za baiskeli kwa mara ya kwanza kwenye tivii unaona watu mia na kitu wamevaa jezi za rangi rangi wanakwenda pamoja kama kundi la ndege, masaa yanapita, halafu mwisho mtu mmoja ananyoosha mikono juu na we unabaki unajiuliza hao wengine wote walikuwa wanatafuta nini. Ukweli ni kwamba wengi wao hawakuja kushinda kabisa. Wamekuja kazini, na kazi yenyewe ina jina, domestiki.

Neno ni la Kifaransa, maana yake mtumishi wa nyumbani, na lilivoingia kwenye baiskeli liliingia kama tusi. Mwaka 1911 kwenye Tour de France, mbio za siku nyingi za kuzunguka Ufaransa, kulikuwa na jamaa anaitwa Maurice Brocco, alishapoteza muda mwingi, akaona ushindi wake haupo tena, basi akaanza kuwasaidia wenzake kwa malipo. Siku hizo kusaidiana kulikatazwa, kila mtu apambane na hali yake. Henri Desgrange, bosi wa mbio, alikasirika akamwandika gazetini kwamba huyu ni domestiki tu. Brocco kesho yake akaondoka na hasira zake akafika wa kwanza, na Desgrange akamfukuza hapo hapo, maana kama una nguvu zote hizi basi jana ulikuwa unauza mbio. Tusi likabaki, na baadae waliotukanwa nalo wakalichukua likawa cheo.

Waitaliano wao wanasema gregario, neno linalotoka kwa askari wa kawaida wa jeshi la Roma ya kale, yule asiye na cheo anayesimama kwenye mstari. Waholanzi wanasema mbeba maji. Mimi hilo la Waitaliano ndo nalipenda, lina heshima ndani yake.

Sasa kwa nini mchezo ambao mshindi ni mmoja unahitaji watumishi? Jibu ni upepo. Kwenye barabara tambarare, ukishapita spidi ya kilomita 40 kwa saa, karibu nguvu zako zote zinaishia kusukuma hewa. Lakini ukikaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, karibu kabisa, umbali wa shibiri kadhaa, yeye anaipasua ile hewa na we unapita kwenye tundu alilolitoboa, unaokoa kama theluthi ya nguvu zako, na ukiwa katikati ya kundi kubwa unaokoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo yule kiongozi wa timu anafichwa. Anafichwa masaa manne, matano, siku baada ya siku kwa wiki tatu, ili ikifika kilomita tano za mwisho za mlima miguu yake iwe bado ina kitu. Anayemficha miguu yake imeshaisha kitambo, na ndo ilikuwa mpango tangu asubuhi.

Halafu kuna maji. Hii kazi naomba uiangalie vizuri siku ukipata nafasi maana kamera huwa haikai nayo sana. Domestiki anajiachia anarudi nyuma ya kundi mpaka kwenye gari la timu, anashika dirisha, anapewa chupa moja anaweka mfuko wa mgongoni, nyingine, nyingine, mifuko mitatu ikijaa zinaingia shingoni, zinashuka ndani ya jezi mpaka mgongo unakuwa na nundu. Chupa nane za nusu lita ni kilo nne, na baiskeli yenyewe kwa sheria za mbio haitakiwi kuwa chini ya kilo 6.8, kwa hiyo ni kama kaongezewa nusu baiskeli mgongoni, na hapo sasa ndo inabidi akimbize kundi lile lile ambalo halijamsubiri, apenye katikati ya watu, amgawie kila mwenzake chupa yake, anyweshe timu nzima, halafu ikifika zamu yake akae mbele apasue upepo. Siku ya joto kali anaweza kuirudia safari hiyo mara nyingi.

Na kiongozi akipata pancha, domestiki anatoa gurudumu lake. Hapo ndo kuna hadithi ya René Vietto. Tour ya 1934, kijana wa miaka 20, mkali wa milima, anazidi kushinda steji, yaani mbio za siku moja moja ndani ya Tour. Kiongozi wa timu ya Ufaransa, Antonin Magne, ana jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour kwa jumla ya muda. Kwenye milima ya Pyrenees Magne anaharibikiwa gurudumu, Vietto anashuka, anachomoa la kwake la mbele, anampa, halafu anakaa juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara kusubiri gari la msaada huku wapinzani wanapita mbele ya macho yake. Kuna picha, analia. Kesho yake Magne anapata tatizo tena, safari hii Vietto yuko mbele yake, na jamaa anageuza baiskeli, anapanda mlima kurudi alikotoka, dhidi ya mbio nzima, akamsaidie tena. Magne alishinda Tour ile. Vietto akamaliza wa tano, na katika maisha yake yote hakuwahi kushinda Tour hata moja. Lakini wapenzi wa baiskeli bado wanamsimulia huyo kijana wa ukutani kuliko mshindi.

Kisa kingine ni cha 1952, Andrea Carrea, gregario wa bingwa wa Kiitaliano Fausto Coppi. Alijikuta kwenye kikundi kilichotoroka mbele ya wengine, wakafika Lausanne, Uswisi, anaambiwa jezi ya njano ni yako. Akalia, na sio kwa furaha, aliogopa Coppi ataona amemvunjia heshima. Coppi hakukasirika hata kidogo, kesho yake akapanda mlima wa Alpe d'Huez, mara ya kwanza steji ya Tour kumalizikia pale, akashinda na jezi akaichukua mwenyewe.

Hela je? Kwa desturi kiongozi akishinda pesa ya ushindi zinagawanywa kwa timu, mwenyewe anabaki na jina. Naona ni haki kabisa.

Na mara chache sana mambo yanapinduka. Mwaka 2023 Sepp Kuss, Mmarekani, alimsaidia Primož Roglič kushinda Giro d'Italia, akamsaidia Jonas Vingegaard kushinda Tour, kisha akaenda nao wote wawili Vuelta ya Hispania, mbio zake za tatu za wiki tatu ndani ya mwaka mmoja, na huko akajikuta anaongoza yeye. Kwenye mlima wa Angliru wakubwa wake wakamwacha nyuma, akabakiwa na sekunde 8 tu za kuongoza, na watu walikasirika dunia nzima, hata mimi nilikasirika, maana kila mtu alijua miguu ile imewabeba nani mwaka mzima. Siku zilizofuata wakatulia, wakamlinda, Madrid wakafika yeye wa kwanza, Vingegaard wa pili, Roglič wa tatu.

Vuelta ya 2025 Vingegaard ndo alishinda. Kuss alikuwepo, kule milimani, mbele yake, anapasua upepo.