Je, wajua kwanini vanishi ya kabati inageuka nyeupe ikipulizwa siku ya mvua?

Mwezi wa pili nilikuwa Uyole, hapa Mbeya, kwa dada yangu, fundi anamalizia makabati ya jikoni, milango ya mninga imepigwa msasa mpaka laini kabisa, mvua ikakatika kama saa kumi jioni akasema ngoja nipulize koti ya mwisho nimalize. Akapuliza vizuri tu, ikang'aa. Muda si mrefu milango yote iko kama imemwagiwa maziwa, ule wekundu wa mninga huuoni tena. Dada akaja juu, fundi umeniletea vanishi feki! Fundi akaapa kanunua duka lile lile la siku zote, na kweli alikuwa hana kosa kwenye manunuzi. Shida ilikuwa hewa.

Iko hivi. Hii vanishi ya kupuliza ambayo mafundi wengi wanaita laka au klia, ile ya nitroselulosi, haikauki kama rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani ndo maana inachukua muda mrefu, ila laka inakauka kwa kitu kimoja tu, tina (kile kimiminika kinachoyeyusha vanishi ili ipulizike) kuruka, yaani kugeuka mvuke na kupotelea hewani. Tina ikishaondoka, kinachobaki juu ya mbao ndo vanishi yenyewe. Na hiyo haraka ndo iliipa jina toka miaka ya 1920 kule Marekani, viwanda vya magari vilikuwa vinasubiri rangi ikauke wiki kadhaa, kampuni ya DuPont ikaleta laka yake ya Duco, kazi ya wiki ikawa ya masaa.

Sasa tina ikiruka inaondoka na joto. Kumbuka nesi anavyokupaka spiriti kabla ya sindano, pale panapoa ghafla wakati spiriti yenyewe haikutoka kwenye friji, ni vile inaruka haraka na kubeba joto la ngozi yako. Mlango wa kabati nao unapoa hivyo hivyo. Hewa ya baada ya mvua imeshiba maji, ikigusa kitu kilichopoa inaacha matone, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani, na hayo matone yanazama kwenye vanishi ikiwa bado mbichi, yanaivuruga, inakauka ikiwa na vitundu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwanga ukipiga pale unatawanyika, wewe unaona weupe. Angalia povu la sabuni: maji hayana rangi, hewa haina rangi, lakini povu ni jeupe.

Kwa hiyo huku kwetu, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na mvua inatunyeshea Novemba mpaka Aprili, Tukuyu ndo usiseme, saa ya kupuliza ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali ila hewa kavu, hapo ogopa asubuhi na jioni tu, maana mbao zimelala kwenye baridi. Kati ya saa tano na saa tisa mchana ndo muda mzuri. Na kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa ya kupulizia, itolewe maji kwenye tenki kabla ya kazi, saa nyingine maji yanatoka humo humo kwenye mpira.

Ikishageuka nyeupe usikubali fundi aongeze koti nzito juu yake, anafungia maji ndani. Asubiri hewa ikauke, apulize vumbi jepesi la ile tina inayoruka polepole, laka inayeyuka tena, maji yanapata njia ya kutoka. Na tafadhali sana, msilete jiko la mkaa ili zikauke haraka, mvuke wa tina unashika moto hata jiko likiwa mbali kidogo, nyumba inaweza kuungua na watu ndani.

Huku kuyeyuka tena ndo uzuri wa laka, kurekebisha ni rahisi, na ndo udhaifu wake jikoni pia. Mvuke wa sufuria, maji ya sinki, mafuta ya moto, vyote vinaichosha. Mi kwa milango ya karibu na jiko na sinki nashauri vanishi ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), poliyurethani, hiyo inashikana kikemia na ikishakomaa tina haiiyeyushi. Bei iko juu, ukishachanganya una masaa machache tu ya kuitumia, na hadina yake inaumiza mapafu kwelikweli, fundi avae maski yenye vichujio vya kemikali, kitambaa puani hakisaidii kitu.

Kwa dada, kesho yake mchana jua limewaka, tina ya polepole ikapita mara mbili, wekundu ukarudi. Milango miwili ya chini ya sinki wakaikwangua yote na kuanza upya kwa hadina.