Kupunguza vitu nyumbani Nyanda za Juu Kusini: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Kitu ambacho hujakigusa kwa miezi sita hukihitaji tena.

Kipimo hiki hakifai Mbeya, Njombe wala Makete. Sweta zito linakaa bila kuvaliwa tangu Oktoba hadi Aprili. Ukiligawa Februari kwa kuwa "halivaliwi", Juni utakuwa mnadani unatafuta jingine. Gambuti nazo hupumzika tangu mvua zikatike Mei mpaka zirudi Novemba. Huku kwetu kitu kihukumiwe kwa mwaka mzima, yaani kimeshapitia masika, kiangazi na kipupwe cha Juni hadi Agosti.

Namna ya kupima ni rahisi. Mwanzoni mwa Juni, funga uzi mwekundu kwenye kola au kiunoni mwa kila nguo iliyomo kabatini au kwenye begi. Siku unapoivaa, kata uzi. Juni inayofuata, nguo ambayo bado ina uzi imepita majira yote bila kukufaa, na hiyo ndiyo ya kuondoka. Acha nje ya hesabu sare, nguo za msiba na zile za sherehe moja au mbili. Usitumie pini badala ya uzi. Katika unyevu wa Februari na Machi pini huota kutu na kuacha doa lisilotoka, na nguo ambayo ungeweza kuigawa inageuka kuwa tambara.

Dhana: Kwenye baridi lazima uwe na lundo la nguo na mablanketi.

Kinachotunza joto ni hewa inayonaswa kati ya nguo moja na nyingine. Fulana ya ndani, sweta na koti la kuzuia upepo vikivaliwa pamoja hushinda makoti matatu mazito yaliyoning'inia ukutani. Kwa kitanda kimoja, mablanketi mawili yanatosha nyumba nyingi za Iringa na Mbeya. Ongeza moja la mgeni. Anayeishi juu zaidi, kule Makete ambako barafu hushika majani alfajiri, aongeze la tatu kwa kila kitanda.

Lundo lenyewe lina hasara yake. Usiku ukuta wa nje hupoa sana. Nguo zilizobanwa kwenye ukuta huo hazipitishi hewa, unyevu wa chumbani unageuka matone ya maji nyuma yake, na baada ya wiki chache unakuta madoa meusi ya kuvu na harufu ambayo sabuni haiiondoi. Sogeza kabati liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Begi la shangazi kaja lisikae juu ya sakafu ya saruji. Liweke juu ya mbao au matofali. Na usihifadhi sweta la sufu kabla ya kulifua, maana viwavi vya nondo hupenda sufu yenye jasho. Sufu ya kutengenezwa kiwandani kwa nailoni hawaisumbui.

Kabati lililojazwa nusu linakauka. Lililoshindiliwa halikauki, hata ulipake dawa gani.

Dhana: Anza kwa kununua makasha ya plastiki.

Makasha hununuliwa mwisho, baada ya kujua kilichobaki, na baada ya kupima upana na kina cha rafu kwa futi. Vinginevyo umeongeza vitu. Tena kasha lenye mfuniko likifungwa siku ya mvua linafungia unyevu ndani. Fungasha mchana wa Julai hadi Septemba, nguo zikiwa zimeanikwa juani na kuachwa zipoe kwanza.

Dhana: Masufuria makubwa na viti lazima uwe navyo, msiba haupigi hodi.

Kweli, msiba haupigi hodi. Lakini sufuria la kupikia watu mia linatoka stoo mara chache sana kwa mwaka, na nyumba ya chumba na sebule ndiyo inayolipa kodi ya kulihifadhi. Mitaa mingi tayari ina jumuiya au kikundi cha akina mama chenye masufuria, sahani, maturubai na viti vya pamoja. Kabidhi la kwako huko, liandikwe kwenye daftari la kikundi na kuwekewa alama ya rangi kwenye mkono wake. Likihitajika, linatoka kama zamani, na majirani nao wanapata kulitumia. Nyumbani baki na vyombo vya idadi yenu na wageni wanne au watano. Hotipoti tatu zinatosha; ya nne huwa ni zawadi ya harusi iliyokosa wa kuikabidhi.

Dhana: Kupunguza vitu maana yake ni kutupa.

Jalala ndilo mahali pa mwisho. Tenga mafungu manne: linalotumika, la msimu, la kwenda kwa fundi, na la kuondoka. Fungu la fundi ndilo linalowashinda watu, kwa sababu hugeuka kuwa stoo ya pili. Liwekee mpaka: vitu visivyozidi vitano, na wiki mbili tu.

Makoti na masweta yauze Mei, baridi inapoanza kubisha. Novemba hakuna wa kukupa bei. Vyuma chakavu vitenganishe kabla mnunuzi hajafika na mizani. Shaba ina bei kuliko alumini, na alumini kuliko chuma, kwa hiyo sufuria la alumini likichanganywa na mabati linapimwa kwa bei ya chini. Kwa kugawa, toa kilichofuliwa na kushonwa. Zipu iliyokufa usimpelekee mwenye shida.

Madumu ya viuatilifu usimpe mtu yeyote, hata yakionekana mazuri kwa kuchotea maji. Yasuuze mara tatu, mwagia maji hayo kwenye bomba la kupulizia shambani, kisha yatoboe.

Dhana: Magunia ya mahindi nayo ni mrundikano.

Hapana. Chakula cha mwaka si mrundikano, na anayekushauri uuze akiba ili stoo ipendeze hajui bei ya debe mwezi Februari. Mrundikano ni magunia matupu ya misimu iliyopita, ambamo dumuzi hujificha wakisubiri mavuno mapya. Baki na idadi unayojaza, yachovye kwenye maji ya moto, yaanike mpaka yakauke kabisa. Kabla ya kufunga mahindi, tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani.

Dhana: Karatasi za zamani zichomwe zote.

Vyeti, hati za mauziano ya kiwanja na mikataba ya pango havichomwi. Mwenye biashara atunze kumbukumbu za kodi angalau miaka 5. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, hufifia zikikaa juani au karibu na jiko, kwa hiyo zitoe kopi mapema, uandike tarehe juu, na uibane kopi pamoja na risiti yenyewe.