Je, wajua? Balozi wa Papa hawakilishi nchi ya Vatican

Dar es Salaam kuna ubalozi wa Papa, Nairobi pia upo, na balozi wake anapeleka hati za utambulisho kwa rais kama mabalozi wengine wote. Sasa kiongozi wa dini anapataje mabalozi?

Mimi kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: kwa sababu Vatican ni nchi. Ndogo, hekta 44 tu, lakini nchi ni nchi, na nchi ina haki ya kutuma mabalozi. Nilikosea, na naona watu wengi bado wanajibu hivyohivyo.

Anayetuma mabalozi ni Ukulu Mtakatifu, wengine wanasema Kiti Kitakatifu, yaani Papa mwenyewe kwa cheo chake pamoja na ofisi zinazomsaidia kuongoza kanisa. Nchi ya Vatican ni kitu kingine. Angalia tarehe tu utaona. Septemba 20, 1870 jeshi la Italia liliingia Roma na Papa akapoteza ardhi yote aliyokuwa anaitawala. Nchi ya Vatican imezaliwa 1929, kwa mkataba wa Laterano na serikali ya Mussolini, mtawala wa Italia. Hapo katikati ni zaidi ya miaka 58 bila nchi, na kama mabalozi wangekuwa wanatokana na nchi basi wote wangefungasha 1870, lakini wapi, serikali kadhaa ziliendelea kubadilishana mabalozi na Papa kama kawaida. Na 1885 Ujerumani na Hispania zikagombania visiwa vya Carolines kule Pasifiki, zikamwomba Papa Leo XIII awe mpatanishi. Aliyemwomba ni Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, yuleyule ambaye miaka kama kumi nyuma serikali yake ilikuwa inafunga maaskofu gerezani!

Chukulia mzee wa ukoo mwenye shamba kubwa. Shamba likachukuliwa lote. Je, ndugu wataacha kumwita kwenye kikao cha mirathi? Hawaachi, maana walikuwa wanamwita kwa uzee wake, sio kwa shamba. Baadaye akapewa kiwanja kidogo ajenge. Kiwanja kinamsaidia sana, halazimiki kulala kwa watu, hakuna mwenye nyumba wa kumpangia la kusema kikaoni, ila uzee haukutoka kwenye kiwanja. Zile hekta 44 ndio kiwanja chenyewe, na ni kidogo kiasi kwamba balozi za nchi kwa Papa ziko nje ya ukuta wake, mjini Roma, ardhi ya Italia kabisa.

Uzee huo una nguvu kweli? Desemba 1978 Argentina na Chile zilikuwa karibu kupigana kwa ajili ya visiwa vitatu, Picton, Lennox na Nueva, kule kusini mwisho wa bara. Uamuzi uliotolewa na Uingereza 1977 uliipa Chile visiwa hivyo, Argentina ikaukataa. Meli za kivita zikiwa tayari baharini, Papa Yohane Paulo II akamtuma Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka 73, akawa anapanda ndege Buenos Aires, Santiago, Buenos Aires tena, mpaka Januari 8, 1979 nchi hizo mbili zikasaini mjini Montevideo, Uruguay, kwamba hazitatumia nguvu. Naona siri iko hapa: majenerali waliotawala nchi zote mbili wasingeweza kuonekana wamerudi nyuma mbele ya adui, ila kumsikiliza Papa haikuwa aibu kwao.

Lakini zote mbili zilikuwa nchi za Wakatoliki, kwingine haiendi hivyo. Aprili 2019 Papa Fransisko alipiga magoti akabusu miguu ya Salva Kiir na Riek Machar, na Sudan Kusini bado haijatulia. Halafu kuna swali la haki ambalo mimi silipuuzi: kwenye Umoja wa Mataifa Ukulu Mtakatifu ni mwangalizi tangu 1964, haupigi kura lakini unaongea, na kwenye mkutano wa idadi ya watu Cairo 1994 Ukulu huo ulipigania sana kubana maneno kuhusu utoaji mimba, wakati dini nyingine hazina kiti cha namna hiyo.

Mkataba wa Argentina na Chile ulisainiwa Vatican Novemba 29, 1984, visiwa vikabaki Chile. Samorè hakuuona, alifariki 1983. Kuna njia ya kuvuka milima ya Andes kati ya nchi hizo mbili imepewa jina lake, na malori ya mizigo yanapita hapo mpaka leo.