Uchumi umekua kwa 8%, mbona meka ya bunga haina habari?

Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, meka ni kopo la bati la kupimia bunga, yaani unga wa mahindi. Halina muhuri wa serikali wala alama ya kilo. Ni kopo tu ambalo muuzaji na mnunuzi wamekubali kuliamini. Ligeuze uone kitako chake: kimebonyea kuelekea ndani, kidogo au sana, kutegemea hali ya mwaka. Gunia likipanda bei, muuzaji ana njia mbili. Apandishe bei ya meka na kugombana na wateja tangu alfajiri, au aiache bei ilivyo na kukigonga kitako kidogo kwa nyundo. Mama ninayenunua kwake hana aibu ya kulieleza jambo hilo. "Bei ni ile ile, papa. Ni kopo njo imechoka."

Siku moja redio yake ndogo ilikuwa inasema kwamba uchumi wa Kongo ulikua kwa zaidi ya 8% mwaka 2023. Akapunguza sauti, akaniuliza: "Banasema uchumi inakua asilimia nane. Inakua wapi? Maana ku meza yangu haijafika."

Hakuna aliyedanganya hapo, si redio wala mama. Basi tuone inawezekanaje.

Kinachotangazwa redioni ni pato la ndani la taifa, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Kifaransa, PIB. Ni jumla ya thamani mpya iliyozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka. Neno la kushikilia hapo ni "mpya". Tuseme mama amenunua gunia la bunga lililoingia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa kwa faranga 40,000, akaligawa katika meka 10 na kuuza kila moja 4,600. Ameshika 46,000, lakini kinachoingia kwenye PIB yetu kutoka mezani kwake ni 6,000 tu. Mahindi yalilimwa na kusagwa ng'ambo, yakahesabiwa huko. Tukiyahesabu tena tutakuwa tumeingiza mbuzi wa jirani katika zizi letu.

Sasa tuseme mwaka unaofuata gunia linakuwa 80,000 na meka 9,200. Faida yake imekuwa 12,000, mara mbili kamili. Je, amekua? Kwa faranga, ndiyo. Kwa bunga, hapana, ameuza meka 10 zile zile. Ndiyo maana watakwimu, kabla ya kutangaza ukuaji, huondoa kwanza kupanda kwa bei ili kibaki kiasi halisi cha vitu na huduma. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mama akikigonga kitako, gunia lile lile linatoa meka 11, na mtakwimu anayehesabu makopo bila kuyageuza ataandika kwamba biashara yake imekua kwa 10%. Siwacheki watakwimu. Nasema tu kwamba kila kipimo kina kitako.

Ile 8% ilikuwa imeshaondolewa bei. Kitu fulani kiliongezeka kweli, na kitu hicho kinapita hapa mjini kila siku juu ya malori yanayoelekea mpakani: shaba. Mwaka 2023 Kongo iliipita Peru ikawa ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Kobalti ndiyo usiseme, zaidi ya 70% ya inayochimbwa duniani inatoka kwetu. Mwaka ule uchimbaji ulikua kwa zaidi ya 10%, na mengine yote, yaani kilimo, biashara, ujenzi, yakafuata nyuma kwa mwendo wa mguu.

Fikiria lupango, yaani kiwanja kimoja cha makazi, lenye nyumba nne. Katika nyumba moja anakaa kijana anayefanya kazi mgodini, na mshahara wake umeongezwa kwa nusu. Ukijumlisha mapato ya lupango lote, yamepanda vizuri. Milango mitatu mingine haijui lolote, isipokuwa kwamba mwenye lupango amesikia habari za ule mshahara na sasa anafikiria kupandisha kodi.

Kuna hesabu nyingine ambayo redio huiruka. Watu wa Kongo wanaongezeka kwa zaidi ya 3% kila mwaka. Mkate ukiongezeka kwa 8% na walaji kwa 3%, nyongeza ya kila mlaji ni 5% hivi, tena kama mkate unagawanywa sawa.

Na haugawanywi sawa, kwa sababu PIB inauliza kitu kimezalishwa wapi. Haiulizi ni cha nani. Mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ni mfano mzuri. Serikali ina hisa 20%, na sehemu kubwa ya zilizobaki iko mikononi mwa Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China. Thamani inayozalishwa pale inaingia yote katika PIB ya Kongo, ila gawio la wenye hisa wa nje linapanda ndege. Kipo kipimo kingine, pato la jumla la taifa, ambacho hutoa kinachokwenda kwa wageni na kuongeza kinachorudi kwa wananchi kutoka nje. Kwa nchi ya migodi kama yetu ndicho ningependa kukisikia asubuhi, lakini hakina bahati ya redio.

Kinachobaki nyumbani ni mishahara, manunuzi ya hapa na kile ambacho serikali inatoza. Sheria ya madini ya 2018 inatoza mrabaha, yaani malipo kwa madini yanayochimbwa, wa 3.5% kwa shaba na 10% kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati. Nusu ya mrabaha huo ni ya serikali kuu, 25% ya jimbo, 15% ya eneo lenye mgodi, na 10% ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akitaka kujua kama ile 8% ilimfikia, afuate ile 25%: iliingia lini, ikajenga nini.

Wazee wetu hawakuhitaji hesabu hizi. Walikuwa wanatazama bomba. Likitoa moshi pale kando ya mlima mweusi wa mabaki ya shaba, basi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, inafanya kazi, na mwisho wa mwezi posho itakuja: mgao wa bunga juu ya mshahara, na watoto wanasoma shule ya kampuni na kutibiwa hospitali ya kampuni. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Mwaka 2024 Kongo ilichimba zaidi ya tani milioni 3, zaidi ya mara sita. Sidhani kama kuna mzee wa Lubumbashi atakayekuambia maisha yake yamekuwa mara sita. Mtu wa zamani hapa ataanza kulia, mimi silii: kampuni iliyobeba shule, hospitali na hazina ya taifa kwa madini machache tu ilikuwa inasubiri kuanguka, na mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990 ikaanguka kweli. Lakini tani moja ya wakati ule ilipita katika sufuria nyingi kabla ya kufika bandarini. Tani ya leo inachimbwa kwa mashine kubwa na watu wachache. PIB inaziona tani hizo mbili kuwa sawa.

Turudi mezani kwa mama, maana naye ana takwimu zake. Ya kwanza ni dola. Kabla ya kufungua gunia anamtuma mtoto kwa wabadilishaji pesa akaulize bei ya siku, kwa sababu tajiri wa bunga anauza kwa dola. Na dola yenyewe ina masharti: iwe safi, isiwe na mchaniko hata wa unene wa ukucha, la sivyo utarudishiwa. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama faranga 2,000. Kufika Desemba ilikuwa imepita 2,600. Mwaka ule ule wa 8%! Mfumuko wa bei ukapita 20%. Anayelipwa kwa dola hakushtuka sana. Anayelipwa kwa faranga, mwalimu au askari, alikatwa mshahara bila mtu yeyote kumgusa mfukoni. Yapata 90% ya akiba katika benki zetu ni za dola, na hiyo peke yake inakuonyesha watu wanaiamini pesa yao kiasi gani.

Wana sababu. Mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire 5,000,000, zaire ikiwa pesa yetu ya wakati ule. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikageuzwa kuwa zaire mpya moja. Watu wa eneo la Kasai wakaikataa, wakaendelea na zile za zamani, ikawa nchi moja yenye pesa mbili. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita 9,000%. Faranga ilipokuja mwaka 1998, moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Aliyeona hayo haulizi uchumi umekua kwa ngapi. Anauliza dola ni ngapi leo.

Mfumuko wa bei nao una kitako chake. Hupimwa kwa kapu la bidhaa, kila bidhaa na uzito wake. Kapu la mama ni bunga, makala (makaa ya kupikia), mafuta, ndagala (dagaa) na nauli. Kapu la afisa lina petroli, ada ya shule ya kulipia na intaneti. Makala yakipanda na petroli ikishuka, wastani unaweza kutulia huku mama akiungua.

Kuhusu ajira nitapita haraka, kwa sababu kipimo hiki kwetu hakisemi mengi. Kwa kanuni za kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu ndani ya juma linaloulizwa si mtu asiye na ajira. Kijana aliyeuza karanga Jumanne jioni amehesabiwa ana kazi. Nchi ambayo asiyehangaika hapati chakula haiwezi kuwa na ukosefu mkubwa wa ajira kwenye karatasi.

Mwanauchumi aliyewaandalia Wamarekani hesabu ya pato la taifa mwaka 1934, Simon Kuznets, aliwaonya wabunge wao katika ripoti ile ile wasipime ustawi wa watu kwa namba hiyo. Wakachukua namba, wakaacha onyo. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ukaleta faharasa ya maendeleo ya binadamu, inayochanganya kipato, miaka ya kuishi na miaka ya shule. Kuna wanaopima kwa taa: picha za setelaiti usiku zinaonyesha wapi pamewaka zaidi kuliko mwaka jana, na taa hazijui kuremba. Kwetu lakini taa zina ujanja wake. Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700 na iliyomalizika mwaka 1982, inapita juu ya vijiji visivyo na balbu hata moja. Na Benki ya Dunia, ikihesabu walioishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku, ilikadiria kwamba mwaka 2024 walikuwa karibu watu 3 kati ya kila 4 nchini. Namba hiyo iko karibu zaidi na meza ya mama kuliko ile ya redio, na zote mbili ni za nchi moja.

Nilijaribu kumweleza haya kwa ufupi, nusu yake nikiwa nimeinama kuokota chenji. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye pato la kila mtu, kwamba wanachukua PIB wanaigawanya kwa idadi ya watu. Hapo akanikatiza.

"Na bale batu, balibahesabu lini?"

Nikamwambia sensa ya mwisho ilikuwa mwaka 1984. Tulikuwa milioni 30 na kitu. Leo tunatajwa kuwa zaidi ya milioni 100.

"Mi nilizaliwa mu 86."

"Umo, mama. Kwa makadirio."

Alicheka hadi jirani wa samaki akageuka. Kisha akashika kopo, akalijaza, akalipapasa juu kwa kiganja kama anavyofanya siku zote, na kunimiminia mfukoni. "Basi na hii uandike kilo mbili na nusu," akasema. "Kwa makadirio."